Maji yametoka darasani, tufungue Jumatatu?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi. Mto ulipasua kingo usiku, maji yakaingia madarasani mpaka usawa wa madirisha, yakakaa siku nne, yametoka juzi na kutuachia tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tuna watoto kama 400. Wazazi wamechanga hela kidogo na wengi wanataka tununue rangi na simenti, tupake fasta tufungue Jumatatu. Mwalimu mkuu ameshaanika vitabu juani. Wanafunzi wakubwa wanataka kuja kusomba tope. Kisima cha uani maji yameshatulia, naona ni masafi. Halafu kuna ukuta mmoja una ufa, sijui ni wa zamani au mpya. Tuanzie wapi, na Jumatatu inawezekana?"

Pole sana mwenyekiti, na wape pole walimu na wazazi. Nitakujibu swali la mwisho kwanza manake ndilo linalokunyima usingizi: ndiyo, Jumatatu inawezekana watoto wakaanza kusoma, ila sio ndani ya hayo madarasa. Naona kwenye barua yako vitu viwili vimechanganywa, kufungua shule na kutengeneza majengo. Shule inaweza kufunguka wiki hii chini ya turubai, kwenye nyumba ya ibada, kwenye ukumbi, popote palipo pakavu na salama. Majengo ni habari ya miezi. Mkivifunga pamoja mtaishia kuingiza watoto kwenye vyumba vya hatari kwa sababu tu mna haraka, au mtawaacha nyumbani miezi mitatu mkisubiri kuta, na mtoto aliyekaa nyumbani muda wote huo ujue kumrudisha ni kazi, wengine hawarudi kabisa.

Sasa hiyo rangi. Naomba uwaambie wazazi kwa upole kwamba rangi ndio kitu cha mwisho kabisa kununua. Ukuta wa tofali uliokaa kwenye maji siku nne umekunywa maji mpaka ndani, na unayatoa polepole sana kupitia uso wake. Mafundi wana hesabu ya kukadiria tu, kwamba tofali hukauka kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi, kwahiyo ukuta wa unene wa sentimita 23 unaokaukia pande zote mbili unaweza kuchukua miezi minne mpaka mitano, na hapo hewa iwe inapita vizuri. Ukipiga plasta ya simenti au rangi ya mafuta juu yake umeufunga mdomo, maji yanabaki ndani, na chumvi iliyomo kwenye tofali inasafiri na maji mpaka chini ya rangi inajikusanya hapo, inafura, inaisukuma rangi nje. Nimewahi kuingia darasa moja lililopakwa rangi wiki ya pili baada ya mafuriko, limependeza kweli, wakapiga picha na wageni. Niliporudi baadaye rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, ukiminya kwa kidole inapasuka na unga mweupe unamwagika, na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Hela yote ya rangi ikakwanguliwa na msasa.

Jinsi ya kujua ukuta au sakafu imekauka wala haihitaji kifaa. Chukua kipande cha nailoni inayoona, kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite, kiache mpaka kesho muda kama huo. Ukibandua ukakuta matone upande wa ndani, au pale chini pamekuwa peusi kuliko pembeni, bado. Rudieni kila baada ya wiki mbili sehemu ileile. Kwa sasa kazi ya ukuta ni moja tu: fungueni madirisha na milango mchana kutwa, toeni kila kilichoegemezwa ukutani, na plasta iliyolegea (igonge kwa kifundo cha kidole, ikilia kama debe tupu imeachia) ibomoeni ili tofali lipumue.

Lakini kabla ya mtu yeyote kuingia humo ndani kuna mambo mawili ya kuua mtu, na hapa sitaki ubishi. La kwanza ni umeme. Asiguse mtu mein swichi akiwa amesimama kwenye tope au maji, hata kama mtaa mzima hauna umeme, manake unaweza kurudi saa yoyote. Waiteni watu wa shirika la umeme wakate huko nje kabisa, na usirudi mpaka fundi mwenye leseni apime kila soketi iliyozama. Na kama mna sola hapo shuleni, watu wengi hawajui hili: paneli inazalisha umeme muda wote kuna mwanga, kuzima swichi ya ndani hakuzimi waya unaotoka kwenye paneli. Kompyuta zilizozama msiziwashe "kujaribu tu", hilo jaribio ndilo linalozimaliza.

La pili ni jengo lenyewe. Zunguka nje kwanza, usiingie. Angalia chini ya msingi kama maji yamechimba, ukiona uwazi unaoingiza mkono chini ya zege hilo jengo lifungwe siku hiyohiyo. Angalia fremu za milango kama zinafunga kama zamani, mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unagoma unakwambia kitu kimehama. Angalia mstari wa paa. Na kama kuna jengo la tofali za udongo mbichi au ukuta wa miti na udongo, kaeni nalo mbali hata kama limesimama, udongo ukilowa unapoteza nguvu yake na nyumba za aina hii zinaweza kudondoka siku kadhaa baada ya maji kutoka, wakati watu wameshajiaminisha.

Ule ufa wako sasa. Chukua penseli, weka alama ndogo pale ufa unapoishia kila upande, andika na tarehe pembeni. Chora pia mistari miwili midogo kuukata ufa katikati, pima upana kwa rula, andika. Piga picha. Rudi baada ya wiki, halafu tena baada ya wiki. Ufa wa zamani mara nyingi utaona ndani yake kuna vumbi, utando wa buibui, rangi ya zamani imeingia, na wa sasa hivi kingo zake ni kali na ndani ni pasafi. Ila kuangalia kwa macho kuna mwisho wake. Ukiwa mpana zaidi ya milimita 5, au unapanda kimshazari kutoka kona ya dirisha, au upande mmoja umesogea mbele kuliko mwingine, msisubiri wiki, fungeni darasa na mtafuteni mhandisi wa majengo aje aone kwa macho yake. Mimi kwa maandishi siwezi kukuhakikishia ukuta, na yeyote atakayekuhakikishia bila kufika hapo, usimsikilize.

Wanafunzi kusomba tope: hapana. Najua wanafanya kwa upendo na najua pia nyie mmeishiwa mikono, lakini hilo tope sio udongo wa shambani. Limepita kwenye vyoo, kwenye mashimo ya maji taka, kwenye stoo za dawa za kilimo, limebeba vioo na misumari na wakati mwingine nyoka aliyekimbilia pakavu. Mkojo wa panya ukiingia kwenye maji unaleta ugonjwa wa bakteria unaoitwa leptospirosisi, unaingia kupitia kamkwaruzo kadogo tu mguuni au kwenye macho, na dalili zinaweza kuja hata wiki mbili tatu baadaye wakati mtu ameshasahau: homa, kichwa, macho mekundu, misuli ya miguu inauma hasa ya nyuma ya goti kushuka chini. Kwahiyo watu wazima tu, wenye mabuti ya mpira na glavu nene, wajawazito wakae pembeni, mwenye kidonda akifunge vizuri au asije. Akijichoma mtu, oshea kwa maji safi na sabuni hapohapo na aende kituo cha afya kuuliza chanjo ya pepopunda. Na mtu yeyote akipata homa ndani ya mwezi mmoja amwambie daktari kwamba alisomba tope la mafuriko, hiyo sentensi moja inabadilisha kabisa namna anavyopimwa. Wanafunzi wakubwa wapeni kazi zao nyingine, zipo, nitafika huko.

Usafi wenyewe unafuata mpangilio, na watu wengi huuvuruga. Wanamwaga klorini juu ya tope wakidhani wameua wadudu. Klorini ikikutana na uchafu inaishia kupigana na huo uchafu, nguvu yake inakwisha kabla haijafika kwenye vijidudu. Kwanza koleo na toroli tope litoke likiwa bado bichi (likikauka ni kama zege, na vumbi lake mnalivuta kifuani), halafu maji, halafu sabuni na brashi, halafu maji tena, ndio mwisho klorini. Ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe, soma kibandiko, kama ni ya asilimia 5 changanya kikombe kimoja na vikombe tisa vya maji, unapata asilimia 0.5, paka sakafu na sehemu ya chini ya kuta, iache dakika kumi ndio usuuze. Changanyeni ya siku hiyo tu, ikilala inapungua nguvu. Na usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala kitu chenye amonia, inatoa gesi ya sumu, nimeona mtu akitolewa chooni kwa kubebwa.

Madawati ya mbao halisi yanapona, yaosheni muyapange kivulini yakiachana kidogo hewa ipite, yakipigwa jua kali yanapinda. Yale ya mbao za kusagwa na gundi yakishafura yamekufa, msijidanganye. Magodoro, mikeka minene na unga wa stoo vilivyolowa ni vya kutupa vyote. Kabla hamjatupa chochote piga picha na uandike kwenye daftari, kitu gani na vingapi, manake kesho mtu wa msaada au wa bima au wa wizara atauliza na jalala halitoi risiti.

Vitabu, mwambie mwalimu mkuu leo hii avitoe juani. Jua kali linakausha nje haraka na ndani bado ni tope, kurasa zinajikunja na zile zenye mng'ao zinagandana moja kwa moja, hazitaachana tena. Ukungu nao hausubiri, unaanza ndani ya saa 24 mpaka 48, kwahiyo kwa siku mlizonazo lazima mchague. Vitabu vya kiada vilivyozama kwenye maji ya vyooni viacheni viende, vinachapishwa vingine. Kisichochapishwa tena ni rejista ya uandikishaji, matokeo, vyeti ambavyo havijachukuliwa, hati ya kiwanja, vitabu vya hesabu. Hivyo ndivyo vya kupigania. Rejista iliyolowa usiifungue kwa nguvu. Isimamishe juu ya meza kivulini penye upepo, ikiwa imefunguka kidogo tu kama mtu anayetaka kusema kitu halafu akasita, ingiza karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa kama ishirini, zikilowa toa weka nyingine. Kila ukurasa unaoachia wenyewe piga picha na simu papo hapo, kabla ya kugeuza wa pili, kwa sababu unaweza usiuone tena. Kilichoandikwa kwa kalamu ya wino usikisuuze, wino unaondoka. Na kama vingi vimewazidi, kuna mbinu watu hawaiamini wakisikia: vifungeni kwenye mifuko ya nailoni muviweke kwenye friza ya mtu mwenye umeme. Barafu haivirudishi, ila inasimamisha ukungu mpaka mpate muda wa kushughulika na kimoja kimoja.

Kisima ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote. Maji kutulia maana yake ni tope limezama, basi. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani, na kipindupindu kinaweza kumlaza mtu ndani ya saa chache tu. Kifungeni leo, toa kamba na ndoo kabisa ili asichote mtu kwa mazoea. Kukirudisha ni kazi ya watu wa maji au afya ya mazingira: wanatoa maji na tope, wanakagua kuta zake, wanaweka klorini nyingi, wanaiacha angalau saa 12, wanatoa tena mpaka harufu iishe, halafu sampuli inakwenda maabara. Na hata hivyo kama maji ya ardhini bado yamejaa uchafu wa vyoo vya jirani itabidi warudie. Tafadhali asishuke mtu kisimani kusafisha, humo chini hewa ya oksijeni inaweza kuwa haipo, na ile tabia ya kushusha pampu ya petroli ndani ndio mbaya zaidi, moshi wake una gesi ya sumu isiyoonekana wala kunusika, anashuka wa kwanza anazimia, anashuka wa pili kumwokoa naye anabaki hukohuko.

Hapo ndipo hela yenu iende. Watoto 400 wanahitaji kama lita 3 kila mmoja kwa siku za kunywa na kunawa tu, yaani lita 1,200, kwahiyo tangi la kuwekwa na maji yanayoletwa na gari yakiwa yameshatibiwa, bomba za kunawia, sabuni. Mkishindwa kupata yaliyotibiwa, ya kunywa yachemke mpaka yabubujike sawasawa dakika moja nzima. Vyoo pia: shimo lililofurika sakafu yake inaweza kuwa imechimbwa kwa chini, inaonekana nzima na haibebi mtoto, asiingie mtu mpaka ikaguliwe. Kipimo kinachotumika kwenye dharura ni tundu moja kwa wasichana 30 na moja kwa wavulana 60, kwenu wakiwa nusu kwa nusu ni saba na manne, hata ya muda. Wasichana msiwaache waseme "tutavumilia", yule mkubwa akikosa pa kujisitiri anabaki nyumbani siku zake na hatawaambia kwa nini. Halafu turubai, koleo, glavu, madaftari na kalamu. Bandikeni ubaoni kila wiki kilichoingia na kilichotoka, sio kwamba siwaamini, ni kwamba mchango wa pili unategemea wa kwanza ulivyoonekana. Na wanaotaka kuleta msaada wapeni orodha yenye idadi, la sivyo mtaletewa gunia kumi za nguo na hakuna hata chaki moja.

Madimbwi yaliyobaki uani myafukie au muyachimbie mfereji wiki hii, mbu anatoka yai mpaka kuruka kwa siku saba hadi kumi na nne, joto likiwa kali ni mapema zaidi.

Sasa Jumatatu yenyewe. Kati ya turubai, jengo la kuazima na kusoma kwa zamu, mimi ningechukua jengo la kuazima kwa wadogo na zamu mbili kwa wengine, turubai mchana kuna joto na mvua ikinyesha hakuna anayesikia. Zamu nayo ina ubaya wake, muda unapungua na walimu wanachoka, na kumbuka hao walimu nao wamefurikiwa majumbani. Ndio maana nasema msijaribu kufundisha kila kitu. Kusoma, kuandika, kuhesabu, na masomo ya wale wenye mtihani mwaka huu, mengine yasubiri. Sare isiwe sharti, daftari lisiwe sharti, mtoto aje na alichonacho. Na wale wanafunzi wakubwa ndio kazi yao hii: wapeni majina kwa mitaa wanayokaa, wakiwa wawili wawili na njia iwe salama, waulizie nani yuko wapi, nani amehamia kwa ndugu, nani hajaonekana. Asiyepatikana, wazazi na walimu wafuatilie ndani ya wiki hiyohiyo.

Mtaona watoto wanashtuka mvua ikigonga bati, wengine wanakojoa kitandani wakiwa wakubwa, mwingine amekuwa mkorofi ghafla. Wengi wanatulia wenyewe wakirudishiwa ratiba, mwalimu wanayemjua na muda wa kucheza. Msiwalazimishe kuandika insha ya "usiku wa mafuriko" wala kusimulia mbele ya darasa, anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe. Lakini ukipita mwezi na mtoto bado halali, hali, haongei, au amepoteza mtu nyumbani, au ametamka neno lolote la kutaka kujidhuru (hilo halisubiri mwezi, ni siku hiyohiyo), ampelekeni kwa mnasihi au kituo cha afya, msimwachie mwalimu wa darasa peke yake.

Kuhusu kuhamisha shule, najua litazuka kwenye kikao kijacho. Kama ni mara ya kwanza kwa kizazi hiki, kupandisha soketi juu, makabati ya ofisi usawa wa kichwa na nakala za rejista sehemu nyingine kunaweza kutosha. Kama wazee wanakumbuka mara ya tatu na ya nne, basi kabla ya mfuko hata mmoja wa simenti mtakeni mhandisi na wenye mamlaka ya ardhi wafike waseme kwa maandishi kama hapo pajengwe tena.

Jumamosi fanyeni kikao kifupi, na ule ufa uwekee alama leo kabla jua halijazama. Wiki ijayo nitumie picha zake mbili, ya leo na ya siku hiyo, na rula ionekane.